Ubongo hausafishwi kwa chupa

Kwenye soko la Mwanga, hapa Kigoma, sasa inanadiwa dawa ya kusafisha ubongo, vijiko viwili asubuhi na jioni. Wanunuzi ni wavuvi wa dagaa waliotoka ziwani alfajiri, vichwa vizito, macho mekundu. Inauma kuona hela ya jasho lao ikiishia hapo.

Ubongo una maji yake ya kujisafishia. Vishada vya mishipa midogo vilivyo kwenye vyumba vya ndani ya ubongo hutengeneza maji hayo kutoka kwenye damu, kama nusu lita kwa siku. Kichwani na kwenye uti wa mgongo hukaa mililita 150 hivi tu, kwa hiyo hubadilishwa mara tatu au zaidi kila siku. Hupenya ubongoni yakiambaa kwa nje na ateri, mishipa inayoleta damu, yakisukumwa na mapigo ya mishipa hiyo. Mishipa hiyo imezungukwa na nyayo za astrosaiti, seli saidizi za ubongo, zenye vitundu vya kupitishia maji viitwavyo akwaporini-4. Yakipita katikati ya seli huzoa taka, ikiwemo amiloidi beta, ile protini inayorundikana kwa wagonjwa wa Alzheimer, maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Timu ya Maiken Nedergaard kule Rochester, Marekani, ilieleza njia hii mwaka 2012. Mwaka uliofuata ikaonyesha kuwa panya akilala, nafasi kati ya seli hutanuka kwa asilimia 60 hivi.

Sawa, mwaka 2024 watafiti wa London walipima panya kwa namna nyingine wakaona usafishaji unapungua usingizini. Ubishi haujaisha. Ila hakuna upande unaotetea chupa.

Kinachowaumiza wavuvi wetu ni mchana. Mtu kakesha na taa ziwani, anarudi, analala kwa muda wa saa moja tu, anaamshwa kugeuza dagaa mchangani, anajilaza tena, mchuuzi huyo anagonga mlango. Usingizi mzito huja zaidi mwanzoni mwa kulala. Ukiukatakata, kila mara anaanza upya na hamalizi. Kuanika na kugeuza wapewe waliolala usiku! Dirisha lizibwe kwa blanketi, simu izimwe, kahawa ya mwisho iwe saa sita kabla ya kulala, naye aachwe saa saba mfululizo. Pombe isimdanganye: humlaza upesi, kisha humkatia usingizi katikati. Presha nayo ipimwe, maana ikiwa juu hukakamaza ateri, zile zinazosukuma maji hayo.

Wanaowauzia chupa hiyo akina mama wenye watoto wa vichwa vikubwa ndio wanaonitia hasira kuliko wote. Mtoto huyo maji yake yamekosa pa kutokea, yanaukandamiza ubongo, na tiba ni upasuaji. Mama, mpeleke hospitali ya Maweni leo hii upate rufaa.