Mgeni Aliyelala Bafuni

Mama mkwe wangu alitua hapa Columbus, Ohio, mwezi wa Oktoba mwaka 2022, na masanduku mawili. Moja lilikuwa la nguo. La pili lilikuwa na iliki, karafuu, pilipili manga, kanga za kugawa na mbuzi ya kukunia nazi. Pale uwanja wa ndege afisa aliitoa ile mbuzi, akayatazama yale meno ya chuma, akauliza hii ni silaha gani. Mama, ambaye hajui kusema uongo, akajibu, "Mbuzi." Mkalimani wa kwenye simu akatafsiri alivyosikia. Tulimsubiri nje saa mbili nzima huku ndani wakimtafuta mnyama.

Ningejua hiyo ni dalili, ningetulia. Lakini mimi nilioa bila hata baiskeli, na Tanga watu hawasahau. Nikaona sasa ndiyo nafasi ya kumwonyesha mama wa watu kwamba binti yake hakupotea. Thanksgiving, yaani Sikukuu ya Shukrani, ilikuwa imekaribia. Nikatangaza mezani kwamba mwaka huu tutawaalika majirani, na bata mzinga nitampika mwenyewe.

Mke wangu aliweka kijiko chini. "Wewe? Ambaye ugali wako tunaula na kijiko?"

Nikajifanya sikusikia. Mwanangu wa darasa la tatu akaniokoa kwa kumweleza bibi yake historia ya sikukuu, kwa Kiswahili chake cha kuchechemea: kwamba mwaka 1621, huko Plymouth, kulikuwa na wageni waliokuja kwa merikebu, wana njaa, wengi wao wameshakufa; wenyeji, Wawampanoag, wakawafundisha kulima mahindi; walipovuna wakala pamoja siku tatu.

"Siku tatu," mama akasema, akitikisa kichwa kwa kukubali. "Ya nne wakapewa jembe?"

"Hapana, bibi. Hawakuondoka."

"Na wenyeji je?"

Mtoto akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

Sasa, bata wenyewe. Nilimwagiza wa halali kwenye bucha la Wasomali, paundi 22, karibu kilo kumi. Wenye akili zao walikwenda kuchukua ndege wao mwishoni mwa wiki iliyotangulia. Mimi nikaenda Jumatano jioni, nimetoka kazini, napiga mluzi kama mtu anayefuata mkate. Muuzaji, Msomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi, akamtoa kwenye friza na kumweka juu ya meza. Meza ikalia. Nikamgonga kwa kidole: ko, ko. Haikuwa sauti ya kuku, ilikuwa sauti ya tofali.

"Unampika lini, ndugu?"

"Kesho."

"Kesho ya Jumapili?"

Kumbe ndege wa namna hii akiyeyushwa kwenye friji anataka siku nzima kwa kila paundi nne au tano. Wangu alihitaji siku tano, na mimi nilikuwa na usiku mmoja. Njia iliyobaki, akaniambia, ni maji baridi: nusu saa kwa kila paundi, ndege ndani ya mfuko wake, na maji yabadilishwe kila nusu saa. Ya moto usithubutu, nje kutaharibika kabla ndani hakujajua kuna nini. Nikapiga hesabu nikiwa barabarani. Jumla ya saa kumi na moja. Nikianza saa mbili usiku, saa moja asubuhi yuko tayari.

Sinki la jikoni lilimkataa. Alikaa kitako, miguu juu, nusu yake nje, kama mzee aliyekwama kwenye kiti cha mtoto. Ule mfuko nao ulikuwa umeshachanika, nikautupa. (Ndiyo, najua. Sasa najua.) Ndani ya nyumba chombo cha kumtosha kilikuwa kimoja tu: hodhi la kuogea, kule juu bafuni. Nikalisugua kwa sabuni, nikalisuuza mara tatu, nikajaza maji baridi, nikamlaza.

Hapa ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa adabu. Nyumba yetu ina bafu moja. Ilipasa mama mkwe aambiwe. Lakini mkwe wa kiume anaanzaje kuongea na mama mkwe habari za bafuni? Nikamwambia mke wangu, "Mwambie mama." Akasema, "Mmh." Ile "mmh" niliichukua kuwa ni ndiyo. Ilikuwa ya usingizi.

Usiku kucha nikawa muuguzi. Simu inalia, napanda ngazi, nafungua kizibo, najaza upya, namgeuza ubavu, nashuka. Saa kumi na moja alfajiri Kameruni walikuwa wanacheza na Uswisi kule Qatar, Kombe la Dunia. Nikasema acha, maji nitabadilisha wakati wa mapumziko. Nikajinyoosha kwenye kochi.

Lazima niwaeleze kidogo juu ya mama na bafu letu. Tangu afike alikuwa na kinyongo kimoja tu na Marekani: bafu halina birika. Si birika la chai. Lile la kwao, la kujengwa kwa saruji, ambalo mtu anachota na kopo na kutawadha kwa utulivu. Maji ya bomba anasema yanamkimbiza. Halafu taa ya bafuni ukiiwasha inawaka pamoja na feni, na feni inanguruma kama trekta, kwa hiyo alfajiri yeye huingia gizagiza, kwa mwanga wa kibalbu cha koridoni, asiamshe wajukuu.

Basi akaingia. Akaona hodhi limejaa maji pomoni. Alivyotusimulia baadaye, moyo ulimjaa: mkwe wangu huyu kumbe ana imani, amesikia kilio changu, amenijazia birika. Akaniombea dua papo hapo. Akachukua kopo, akachota, akanawa mikono, akasukutua. Akaona maji leo yana ladha nzito kidogo, akasema labda ni dawa ya serikali. Akachota mara ya pili. Kopo likagonga kitu. Ko.

Akapeleka mkono.

Akashika paja. La baridi, linateleza, ngozi ina vipele. Akapandisha mkono taratibu kutafuta kichwa. Hakuna kichwa.

Mimi kochini nilikuwa nimefumbua macho muda huohuo. Dakika ya 48, Embolo, mzaliwa wa Yaoundé anayechezea Uswisi, akaifunga Kameruni, wala hakushangilia. Na papo hapo juu ukapigwa ukelele ambao nadhani hata Doha ulifika. Nikajisemea: masikini, kumbe mama naye anaiangalia mechi.

"Laa ilaha illallah! Mna maiti! Mna maiti kwenye birika!"

Nilipanda ngazi tatu tatu. Mama alikuwa amejibana ukutani, mkono mmoja umeshika kanga, mwingine umeinua kopo tayari kumpiga marehemu akinyanyuka. Kuingia siwezi, yule ni mama mkwe, yumo bafuni. Nikageuka, nikampa mgongo, nikawa naueleza ukuta wa koridoni.

"Samahani mama. Ni bata."

"Bata gani!"

"Bata mzinga. Wa leo. Anayeyuka."

Kimya. Tone likadondoka.

"Na haya maji niliyosukutua?"

Kuna maswali ya mkwe ambayo hayana jibu lenye heshima. Nikaendelea kuutazama ukuta. Chumbani kwetu nikasikia mke wangu anacheka ndani ya mto, yule yule wa "mmh".

Mama hakunisemesha hadi saa tano asubuhi. Alitawadha upya kwa maji ya chupa, akaswali swala ndefu kuliko kawaida, kisha akashuka jikoni na kukamata mafiga yote manne ya jiko la umeme. Alikuwa ameshaamua: nyumba ambayo kitoweo kinalala bafuni, wageni wasiachwe mikononi mwa mwenye nyumba. Akabandika pilau. Akabandika viazi vitamu vya nazi na boga la nazi. Mbuzi yake ikafanya kazi hadi sakafu ikawa nyeupe.

Mimi saa tatu na nusu nilikuwa nimeshampaka bata wangu siagi, ndimu, kitunguu saumu na bizari, nimemwingiza kwenye oveni, nyuzi 325 kama wanavyoelekeza. Saa tisa alasiri wageni, saa tisa bata. Hesabu safi. Nikarudi sebuleni kuwatazama Ghana na Ureno.

Mama akapita mbele ya oveni, akasoma namba. Mia tatu ishirini na tano! Kwao Tanga keki anaioka kwa 180, na hajawahi kuharibu keki. Akaona huyu kijana, baada ya kuzamisha nyama, sasa anataka kuchoma nyumba. Akateremsha hadi 180, kwa mapenzi kabisa, wala hakuona haja ya kusema.

Ila 180 za Tanga ni za Selsiasi na za hapa ni za Farenhaiti. Za hapa, ukizipeleka Tanga, ni 82: joto la kuweka chai isipoe.

Ghana wakafungwa tatu kwa mbili, saa saba hiyo. Nikaenda kumchungulia bata. Alikuwa amelala chali, mweupe, anang'aa mafuta kidogo, kama mtalii ufukweni Pangani. Nikatazama kitufe. Nikamtazama mama.

"Nimekusaidia, mwanangu," akasema. "Uliuwasha moto wa kuchomea matofali."

"Ahsante, mama," nikasema. Ungesema nini?

Majirani wakaingia saa tisa kamili, bibi na bwana, wazee wazuri ambao kila mwaka walikuwa wakituletea sahani mlangoni. Bibi alikuja na bakuli la maharagwe mabichi yaliyookwa kwa supu ya uyoga ya kopo na vitunguu vya kukaanga juu, mapishi yaliyobuniwa na Dorcas Reilly kwenye jiko la majaribio la Campbell, kampuni ya supu za kopo, mwaka 1955, na mimi nakiri mbele yenu kwamba ndicho chakula cha Kimarekani ninachokipenda kuliko vyote. Alileta pia pai ya boga, na viazi vitamu vilivyofunikwa mashimelo, zile peremende laini kama sifongo, yaliyoyeyuka. Alishauliza mapema, mke wangu akamwelekeza duka lenye mashimelo ya halali, maana ya kawaida huwa na mambo ya nguruwe. Akaleta na jeli ya kranberi, ambayo ilitoka kwenye kopo ikasimama mezani na mistari ya kopo mwilini. Mama aliizunguka mara mbili.

Bwana yeye aliuliza kitu kimoja: Detroit wako wapi? Timu hiyo ya futiboli ya Kimarekani ina desturi ya kucheza siku hii, iliyoanza mwaka 1934. Tukamwekea. Wakapigwa 28 kwa 25, sekunde mbili zimebaki. Siku hiyo kila niliyekaa upande wake alifungwa.

Saa kumi, bata bado. Saa kumi na moja kasorobo, bado. Kipimajoto kinatakiwa kisome 165 ndani ya nyama. Changu kilikuwa kinasoma kama anwani ya nyumba ya jirani, namba yoyote isipokuwa hiyo. Mazungumzo yakaisha. Tumbo la bwana likanguruma, sote tukasikia.

Mama akamvuta binti yake pembeni. "Hawa watu wamekula nini tangu asubuhi?"

"Hawajala, mama. Siku hii hawali, wanangoja cha jioni."

Mama akageuka, akaitazama meza. Viazi vitamu. Boga. Maharage. Watu wamekaa kimya, midomo mikavu, wanatazama saa. Uso ukamfunguka.

"Kumbe wamefunga! Na nyie mmewakalisha tu?"

Wakati huohuo simu yake ikaadhini Magharibi, saa kumi na moja na dakika chache. Novemba hapa jua huzama mapema. Basi, hakuna aliyeombwa rai. Mama alimwekea bwana tende mkononi, akamwonyesha kwa ishara: tia kinywani. Akamwekea bibi kikombe cha uji wa pilipili manga. Halafu pilau ikapakuliwa, viazi vya nazi, boga la nazi, na yale maharagwe ya 1955 pembeni. Bwana alikula sahani tatu. Bibi akauliza kwa nini viazi vyake vyote vya maisha havijawahi kuonja nazi. Mama, kupitia kwa mjukuu, akamjibu kwamba hata hivyo Mungu ameipokea saumu yake.

Bata alitoka saa moja usiku, watu wameshalegeza mikanda. Bwana kwa heshima akachukua kisu. Akakata upande mmoja, akapeleka mkono ndani, akasita. Akavuta. Ukatoka mfuko wa karatasi, umeloa mafuta.

Sikuwa nimejua kama kuna mfuko. Wenyeji wote wanajua. Bwana alikuwa anajua, niliona masharubu yanamcheza. Mama akaupokea, akaufungua: shingo, maini na firigisi. Nikasema sasa nimekwisha, huyu anapanda ndege kesho kwenda kusimulia.

Akainua macho, yamelowa.

"Firigisi," akasema. "Umeniwekea mama yako firigisi. Tena kwenye bahasha."

"Ndiyo, mama," nikasema.

Mke wangu akanitazama kwa jicho moja.

Kifua cha bata kilikuwa kikavu, ukikitafuna unasikia kiu ya Ramadhani. Siku ya pili mama alimchambua wote, akampika mchuzi wa nazi, na watoto wakagombania ukoko. Machi akarudi Tanga, ile mbuzi akamwachia bibi wa jirani.

Novemba iliyofuata akapiga simu. Shikamoo, marahaba, hali, wajukuu, baridi. Kisha akashusha sauti, kama mtu anayeulizia jambo la aibu ya ukoo.

"Eti baba, yule mgeni wenu, mwaka huu mmemtandikia wapi?"