Welch: makaa yalibaki, watu wakaondoka

Ukisoma sensa ya Marekani harakaharaka, utadhani mji wa Welch, West Virginia, umeanza kufufuka. Mwaka 2010 ulikuwa na wakazi 2,406. Mwaka 2020 wakahesabiwa 3,590. Kabla ya kupiga makofi, kumbuka mambo mawili: mwaka 2010 pale Welch lilifunguliwa gereza la serikali kuu, na sensa ya Marekani humhesabu mfungwa mahali alipofungwa. Waondoe waliomo gerezani, uone ongezeko linalobaki ni kiasi gani.

Welch ni makao makuu ya Kaunti ya McDowell, kusini kabisa mwa jimbo hilo, kwenye bonde jembamba ambamo kijito cha Elkhorn kinaingia mto Tug Fork. Mwaka 1950 kaunti nzima ilikuwa na watu 98,887. Mwaka 2020 walibaki 19,111. Yaani katika kila watano, amebaki mmoja. Ukiuliza kwa nini, wengi watakujibu kwamba makaa ya mawe yaliisha. Jibu hilo silikubali. Makaa ya McDowell yanachimbwa hadi leo, tena ni yale bora yanayotafutwa na viwanda vya chuma. Walioisha ni wachimbaji, na sababu yake lazima tuanze kuitafuta kwenye hatimiliki za ardhi.

Mji ulipewa jina la Isaiah Welch, kapteni wa zamani wa jeshi la majimbo ya Kusini yaliyojitenga na Marekani, aliyepita milimani humo akipima makaa kwa niaba ya wawekezaji. Mwaka 1892 makao makuu ya kaunti yalihamishiwa hapo kutoka Perryville, kipindi kilekile ambacho reli ya Norfolk and Western ilikuwa inapenya mabonde hayo. Milima ilikuwa imekwisha kupata wenyewe, matajiri wa Philadelphia. Mwaka 1901 kampuni ya reli ikainunua ardhi hiyo, ekari zaidi ya laki mbili. Basi aliyesafirisha makaa akawa pia mwenye ardhi. Kampuni za uchimbaji zilikuwa wapangaji tu, zikilipa mrabaha kwa kila tani. Sisi ambao neno mrabaha tunalisikia kila mjadala wa madini unapopamba moto, tumezoea kuuliza serikali inapata asilimia ngapi. Kule serikali haikuwa hata mezani. Mrabaha ulikwenda kwa mwenye shamba, na mwenye shamba alikuwa mbali.

Mchimbaji je? Aliishi katika nyumba ya kampuni na kununua unga katika duka la kampuni, mara nyingi kwa sarafu za kampuni ambazo nje ya kambi hazikuwa na thamani. Akigoma, anafukuzwa kazini na kwenye nyumba siku hiyohiyo. Walikuja Wahungari, Waitalia na Wapolandi. Walikuja pia Wamarekani weusi kutoka majimbo ya Kusini, wengi mno, kwa sababu hapa mtu mweusi alipiga kura bila vizuizi vya kule alikotoka. Kura hizo zilikuwa na uzito. Januari 1928 Minnie Buckingham Harper wa McDowell aliteuliwa kukalia kiti cha marehemu mumewe katika bunge la jimbo, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mbunge popote nchini Marekani. Mwaka huohuo, pale Kimball, jirani na Welch, likazinduliwa jengo la kumbukumbu ya askari weusi wa Vita Kuu ya Kwanza. Wanaoisimulia McDowell kama nchi ya wazungu maskini walioachwa nyuma wangefaa wapite hapo kwanza.

Mahakama ya Welch ni ya mawe, imejengwa kwenye mwinuko, na kuifikia unapanda ngazi. Agosti 1, 1921, ngazi hizo zilipandwa na Sid Hatfield, mkuu wa polisi wa mji wa Matewan, pamoja na rafiki yake Ed Chambers na wake zao. Mwaka mmoja kabla, Hatfield alikuwa amesimama upande wa wachimbaji dhidi ya wapelelezi wa kukodiwa wa kampuni ya Baldwin-Felts waliokuja Matewan kuwatoa watu katika nyumba za kampuni. Risasi zikalia, watu 10 wakafa, saba kati yao wapelelezi. Sasa alikuwa ameitwa Welch kujibu shtaka jingine. Hakuwa na silaha. Watu wa Baldwin-Felts walikuwa wakimngoja juu, wakawaua yeye na Chambers palepale, mchana kweupe, mbele ya wake zao. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Kabla ya mwezi kwisha wachimbaji wapatao 10,000 walishika bunduki wakaelekea mlima wa Blair (Blair Mountain) kupambana na watu wa wenye migodi, na Rais Harding akalazimika kupeleka jeshi.

Chama cha wafanyakazi wa migodini, United Mine Workers, kilishindwa mwaka ule, kikaja kushinda miaka ya 1930. Hapa ndipo ninapotofautiana hata na wale wanaoipenda historia ya chama hicho. Mwaka 1950 kiongozi wake, John L. Lewis, alitia saini mkataba na wenye migodi: mishahara mizuri, na mfuko wa pensheni na matibabu unaochangiwa senti 30 kwa kila tani. Naye hakupinga mashine. Alitaka wachimbaji wachache wanaolipwa vizuri kuliko wengi wenye njaa. Mashine moja ya kukata na kupakia makaa ilifanya kazi ya kundi zima la watu. Aliyebaki kazini alinufaika kweli, na wajane wengi walipata matibabu. Lakini aliyepunguzwa hakuwa na shamba la kurudia wala kiwanda kingine cha kuomba kazi. Bonde zima lilikuwa limepangwa kwa ajili ya biashara moja, na tani zilipoendelea kutoka bila yeye, mwenye ardhi hakupungukiwa hata senti.

Matokeo yalionekana upesi. John F. Kennedy alipita Welch mwaka 1960 akitafuta kura za mchujo wa mgombea urais wa chama chake, na hali aliyoikuta katika kaunti hii aliizungumzia sana baadaye. Mei 29, 1961, kuponi za kwanza za chakula za mpango wake wa majaribio zilitolewa hapo Welch, mbele ya waziri wa kilimo, kwa mchimbaji aliyekosa kazi mwenye familia ya watu 15. Thamani yake dola 95. Miaka 11 tu kabla ya hapo kaunti ilikuwa imejaa watu kuliko wakati wowote katika historia yake!

Yaliyofuata yanajulikana, nami sitaki kuyarefusha, maana wapiga picha wa umaskini wameshavuna vya kutosha pale. Migodi ya kampuni ya chuma ya U.S. Steel huko Gary, mji wa kaunti hiyohiyo, ilifungwa miaka ya 1980. Vidonge vya kutuliza maumivu vikaua vijana. Duka la Walmart la Kimball likafungwa mwaka 2016, na pamoja nalo ajira nyingi. Mabomba ya maji yaliyoachwa na kampuni yakaoza, hadi wapo wanaokinga maji kwenye chemchemi za kando ya barabara, katika nchi tajiri kuliko zote duniani.

Kaunti ilimchagua Obama mwaka 2008, kisha mwaka 2016 karibu robo tatu ya kura zikaenda kwa Trump. Wachambuzi wa mbali wanaona ukigeugeu. Mimi naona watu wanaomjaribu kila anayeahidi, kama yeyote kati yetu angefanya.

Februari 2025 mafuriko yaliikumba tena McDowell na kuua watu. Mabonde yale ni membamba, nyumba zimebanana ukingoni mwa mto. Ushauri wa kila mara ni kwamba watu wahamie juu. Ila sehemu kubwa ya ardhi ya juu bado ni mali ya kampuni zisizo na mkazi hata mmoja pale. Kama serikali ya West Virginia ina nia ya kweli, ianze kwa kuinunua au kuichukua kisheria sehemu ya ardhi hiyo na kuwagawia wakazi viwanja, kabla ya kuzungumzia utalii au mgodi mpya.