Tanki la Watu Watatu

Nilirithi programu iliyoandikwa kwa Fortran, lugha kongwe ya kompyuta, ya kukadiria ukubwa wa matanki ya maji kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa anastaafu, naye alinikabidhi faili liitwalo TANKI.F kwa sharti moja tu, kwamba nisilichezee. Kwa kuwa herufi kubwa huniudhi kama mtu anayenifokea, siku hiyohiyo nililibadilisha jina likawa tanki.f, nikajiona nimefanya usafi.

Sikujua kwamba gfortran, kompaila inayoyageuza maandishi ya Fortran kuwa programu ya kuendeshwa na kompyuta, hutazama mkia wa jina kabla ya kulifungua faili. F ikiwa kubwa, faili hupitishwa kwanza kwenye matayarisho, ambako mistari inayoanza na alama ya reli, ile tunayoibonyeza mwisho tukiangalia salio, huamua kipi kibaki na kipi kiondolewe. F ikiwa ndogo, mistari hiyo hurukwa kwa onyo tu, na kilichokuwa kimefungiwa kati yake hutoka kutembea. Mzee alikuwa amefungia mstari wa majaribio, IDADI = 3, yaani watu watatu tu, kati ya #ifdef JARIBIO na #endif. Onyo lilipita kwenye skrini, nami, kama kawaida yangu, sikulisoma.

Kikaoni nilitangaza kwa sauti ya kitaalamu kwamba kijiji cha watu 4,200, kila mmoja akitumia lita 40 kwa siku, kinahitaji tanki la lita 120. Mwenyekiti wa kijiji alihesabu vidole vyake polepole.

“Mhandisi, hayo ni madumu sita. Ni safari moja na nusu ya punda wangu.”

Niliirudisha F kubwa, kisha, kwa kutaka kufuta aibu, nikaiandika upya fomula katika mstari mmoja mrefu uliojaa majina marefu ya Kiswahili na kuishia na *40. Kumbe faili la mtindo ule bado linazitii kadi za kutoboa za miaka ya 1950, zilizobeba mstari mmoja wa programu kila moja: kadi ilikuwa na safu 80, herufi moja kila safu, Fortran ikasoma mpaka ya 72, na nane zilizobaki zikawa za namba za kuzipangia kadi zikimwagika sakafuni. Sifuri yangu ilikaa safu ya 73. Safari hii hapakuwa hata na onyo, kwa sababu onyo hilo huombwa kwa kuongeza -Wall kwenye amri ya gfortran, nami sikuwa nimeomba.

Kikao cha pili nilitangaza lita 16,800. Mwenyekiti aligawanya kwenye karatasi, akaguna.

“Lita nne kila mtu. Afadhali, sasa tutakunywa. Kuoga tusubiri kikao cha tatu.”