Druidi hana kosa, hesabu yenu ndo mbovu

Watu wakikaa kugawana wahusika kwenye ule mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa dadu, Dungeons & Dragons mambo huwa yanaenda vilevile, mpiganaji anachukuliwa mapema, mchawi wa moto anagombaniwa, mjanja wa visu ana mwenyewe tangu jana, kasisi anasukumiwa yule mpole asiyejua kukataa, halafu akitokea mtu akasema mi nataka druidi, yule mtu wa nguvu za asili anayejigeuza mnyama, wenzake wanaguna. Utasikia "sasa tukiingia pangoni utatusaidia nini", au "huyo si wa msituni tu". Na wanaosema hivyo sio wageni peke yao, wapo wakongwe kabisa wanaoamini druidi ni klasi (aina ya mhusika) ya mapambo, ya mtu anayependa wanyama.

Mi naona wanamwonea. Ila wana hoja zao, na nyingine ni za kweli tupu, kwa hiyo tuanze na hizo.

Kwanza dameji, yaani kiasi cha uhai anachompunguzia adui. Mchawi akifika levo ya 5 anapata speli (uchawi) ya mpira wa moto, Fireball, dadu nane za pande sita kwa mpigo mmoja, wastani 28, kila aliyesimama ndani ya futi 20 kutoka katikati anaungua na hata akikwepa anakula nusu. Druidi wa kawaida hana kitu kama hicho. Ana radi, Call Lightning, dadu tatu za pande kumi, wastani 16 na nusu, inapiga kaeneo kadogo tu. Tena kwa sheria za toleo la 2014 hiyo radi inataka wingu litokee futi 100 juu ya kichwa chako, kwa hiyo ukiwa kwenye chumba cha dari fupi speli inagoma kabisa. Hapo watu wa pangoni wana haki yao.

Pili ni umakini. Speli zake nzuri karibu zote zinataka uzishikilie akilini, na unashikilia moja tu kwa wakati mmoja, ukitaka miiba unaachia radi, ukitaka kuficha kundi unaachia miiba, na ukipigwa unarusha dadu kuona kama imekuponyoka. Halafu kuna lile suala la chuma, kitabu cha 2014 kinasema druidi havai dirii ya chuma wala ngao ya chuma, hakisemi akivaa itakuwaje, kinasema tu havai, basi meza ngapi zimebishana hapo mpaka usiku sijui.

Na la mwisho ambalo mi silipingi hata kidogo ni kuchelewesha mchezo. Conjure Animals ya zamani, speli ya kuita wanyama, ilikuwa inaweza kuleta mbwa mwitu 8. Nane! Kila mmoja anashambulia kivyake, kila mmoja anarusha dadu mbili za pande ishirini kwa vile wanawinda kwa kundi, hizo ni dadu 16 kabla hujaanza kuhesabu dameji, na kila adui aliyeng'atwa naye arushe ya kwake kuona kama kaangushwa chini. Wenzako wameshaenda kuchemsha chai wamerudi. Aliyewahi kukaa meza ya namna hiyo akisema hataki druidi tena, mi namwelewa.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe.

Wachezaji wengi wanapima faida ya mhusika kwa swali moja, nani kaua. Pambano likiisha kila mtu anakumbuka pigo la mwisho, na pigo la mwisho mara nyingi ni la upanga au la moto. Kazi ya druidi inafanyika kabla ya hapo na haiandikwi jina lake, ndo maana anaonekana hana kazi. Chukua Spike Growth, speli ya kuotesha miiba ardhini, unaipata levo ya 3 tu. Inafunika eneo la futi 20 kila upande kutoka katikati, yaani futi 40 kuvuka mwisho hadi mwisho, unaitupia ukiwa mbali mpaka futi 150, inakaa dakika 10. Kila adui anayetembea humo anakula dadu mbili za pande nne kwa kila futi 5, wastani 5. Na hakuna kukwepa, sio nusu, sio robo, ukikanyaga umechomwa. Juu ya hapo ardhi inakuwa ngumu kupita kwa hiyo mwendo wake unakatika nusu.

Mweke zimwi ng'ambo ya pili, yule ogre wa kawaida, uhai 59, mwendo futi 40 kwa zamu. Humo ndani anaweza futi 20 tu kwa zamu. Zamu ya kwanza ameshakula wastani 20, zamu ya pili 20 nyingine, anatokea upande wako akiwa na uhai 19 na hakuna mtu aliyemgusa. Hizo zamu mbili wapiga mishale wenu walikuwa wanafanya nini? Walikuwa wanampiga. Kwa hiyo anafia njiani, mpiga mishale anashangiliwa, na kwenye kumbukumbu ya meza druidi "alirusha speli moja tu akakaa". Arobaini kwa speli ya daraja la 2 (daraja ni la speli, sio levo ya mhusika)! Mchawi wa levo hiyohiyo akitumia Scorching Ray, miale mitatu, yote ikimpata ni wastani 21, na ikimkosa ndo imeenda hivyo.

Halafu ongeza mtu wa kusukuma. Ukiwa na mwenzako mwenye uwezo wa kumrudisha adui nyuma futi 10, kila msukumo ndani ya ile miiba ni wastani 10 nyingine, na adui hakuchagua kutembea, kasukumwa. Na pangoni je? Korido ya futi 10 upana, miiba inaijaza yote, hakuna pa kuzunguka, porini adui angepita pembeni kidogo akaendelea na safari yake. Mi nadhani watu wanaangalia jina wanaona majani wanadhani ni speli ya shambani.

Ina mapungufu ndio. Anayeruka haimhusu. Adui mwenye upinde atasimama hukohuko akurushie, na mwendeshaji wa mchezo mwenye akili akishaona ujanja huo mara moja, safari inayofuata maadui wake wote wana pinde. Lakini hata hapo umeshawachagulia namna ya kupigana, wale waliokuwa waje kumkata mchawi wenu shingo wamebaki kule.

Heat Metal nayo ni hivyohivyo. Unapasha moto dirii ya adui ikiwa mwilini mwake, dadu mbili za pande nane, wastani 9, na kila zamu inayofuata unarudia bila kutumia kitendo chako kikuu, mpaka dakika 1 iishe. Kuvua dirii nzito ya chuma kunachukua dakika 5. Yaani speli itaisha na jamaa bado anahangaika na kamba za begani, na muda wote huo dadu zake za kushambulia zinarushwa kwa hasara. Yule shujaa wa chuma kichwa hadi miguu ambaye mpiganaji wenu anamkosa kila saa, huyo druidi ndo anamtafuta.

Nje ya vita ndo hesabu inapotea kabisa. Pass without Trace, ile speli ya kuficha kundi, inampa kila mmoja aliye ndani ya futi 30 nyongeza ya 10 kwenye kunyata, kwa saa nzima. Kumi kwenye dadu ya pande ishirini ni nusu ya dadu! Yule wenu mwenye dirii inayolia kila akigeuka naye anapita. Vita mlivyoviepuka kwa speli hii havihesabiwi popote maana havikutokea, na mi siku zote nashangaa watu wanaoandika dameji mpaka ya mwisho lakini hawaandiki pambano ambalo halikuwepo.

Kuna Goodberry, matunda 10 kwa speli ya daraja la kwanza, tunda moja linamshibisha mtu siku nzima na linarudisha uhai 1. Uhai mmoja unaonekana mzaha mpaka mwenzako awe amelala chini anakata roho, hapo mmoja unatosha kumwamsha. Ila hapa nakubaliana na waendeshaji wanaolalamika, maana ukipanga safari ya jangwani yenye njaa na kuhesabu chakula, druidi mmoja anaifuta kila asubuhi. Hiyo sio udhaifu wa klasi, ni kinyume chake, inafaa kupita kiasi na inaua aina moja ya mchezo ambayo wapo wanaoipenda kweli.

Na hapo ndo nacheka kidogo, kwa sababu ukisoma historia lalamiko kubwa dhidi ya druidi halikuwa kwamba ni dhaifu. Aliingia kama klasi ya kuchezwa mwaka 1976, na kwenye sheria za 1978 kupanda ngazi za juu ilibidi umshinde aliyekalia kiti, levo ya 12 walikuwa 9 tu, juu yao 3, na juu kabisa mmoja. Toleo la 2003 likampa mnyama wa kufuatana naye mwenye nguvu za kukaribia mpiganaji mzima, na akichukua kipaji kimoja tu, Natural Spell, anarusha speli akiwa dubu. Watu wakalia kwamba huyu anafanya kazi ya watu watatu. 2014 ukichukua njia ya Mwezi, tawi la druidi wa kujigeuza wanyama, levo ya 2 unageuka dubu wa uhai 34, mara mbili kabla ya mapumziko mafupi, hiyo ni 68 juu ya uhai wako, wakati mpiganaji wa levo hiyo ana 20 na kidogo. Sasa mzigo uko wapi?

Sheria za 2024 zimepunguza hayo yote. Dubu haleti tena uhai wake, unapata uhai wa muda tu, kwa njia ya Mwezi ni levo yako mara tatu, kwa hiyo levo ya 3 ni 9. Katazo la chuma limeondoka. Wale mbwa mwitu 8 wamegeuzwa kuwa kundi moja la mizimu linalosogea eneo kwa eneo bila zamu zao binafsi. Mi naona kwa wanyama wa kuitwa wamefanya vizuri, kwa dubu wamekaza sana, na kwa vyovyote miiba na chuma cha moto vimebaki.

Shida ninayoiona bado ni moja na ni ya mchezaji. Druidi anajua orodha yote ya speli zake, kila asubuhi anachagua upya, halafu juu ya hapo ana wanyama. Mtu mgeni akipewa huyo bila maandalizi zamu yake inafika ndo anaanza kufungua kurasa. Mwendeshaji amwambie mapema kabisa, njoo na karatasi ya wanyama watatu na speli tano unazozijua kichwani, zamu ikifika huna karatasi unapigana na rungu.