Lipu ya Stesheni Isibanduliwe Kabla ya Kuchorwa

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Majengo ya Kijerumani ya enzi hiyo hayalindwi moja kwa moja na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, inayolinda yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863; ya baadaye hulindwa yakitangazwa rasmi. Ndiyo maana nasisitiza kuwa mkataba wa ukarabati wa stesheni hizo utaje siku za mwanaakiolojia za kupima na kuchora, kama unavyotaja mifuko ya saruji.

Kila chumba kipewe namba, na kila ukuta herufi, kuanzia wa kaskazini kuzungukia kulia. Ramani ichorwe kwa skeli ya 1:50, kuta kwa 1:20. Pima pia mishazari ya chumba, yaani kutoka kona hadi kona ya mkabala: kona nyingi si mraba, na bila mishazari mchoro haufungi.

Shida kubwa ni lipu. Fundi analipwa kwa mita za mraba, basi asubuhi moja anabandua chumba kizima na ushahidi unaondoka na kifusi. Simlaumu, mpangilio ndio mbaya. Ibanduliwe ukuta mmoja mmoja: huu unapigwa picha na kuchorwa, yeye akiendelea na mwingine.

Kabla ya hapo, usiku, mulika tochi kwa ubavu, karibu kabisa na ukuta. Mlango uliozibwa utajionyesha kwa kivuli. Hapo fungua kidirisha cha sentimita 30 kwa 30. Anza na rangi, ukikwangua taratibu na kuacha kila tabaka wazi sentimita 2, mfano wa ngazi. Lipu ya chokaa hukwaruzika kwa msumari, ya saruji hugoma. Lakini usikimbilie kusema saruji ni ya juzi, kwani Wajerumani nao waliitumia; tazama ipi imelalia ipi.

Matofali yapimwe kumi, si moja. Kipimo rasmi cha Ujerumani tangu 1872 kilikuwa sentimita 25 × 12 × 6.5. Ya kuchomwa hapa hufuata kalibu ya mfyatuaji, kwa hiyo mahali kipimo kinapobadilika ghafla huenda ndipo jengo lilipoongezwa au kuzibwa.

Kwenye kenchi tafuta namba za Kirumi zilizochongwa na seremala kwenye maungio, kabla mbao zilizoliwa na mchwa hazijatupwa. Na linta ikiwa kipande cha reli, safisha kutu ubavuni kwa brashi laini: reli nyingi hubeba jina la kiwanda na mwaka, na pengine hiyo ndiyo tarehe pekee utakayoikuta ukutani.