Lile Jini la Semina Nilikuwa Mimi

Jana jioni boti haijafunga gati Dar, goti langu limefungwa bendeji, simu inaita. Shangazi yangu wa Morogoro. "Baba, ni kweli umepandwa na jini huko Unguja?" Morogoro! Habari imevuka bahari, ikapanda basi, ikafika Morogoro, mimi bado natafuta begi langu kwenye boti. Nikajua tu, Swahiba, mwenzangu wa ofisini, ameshafanya kazi yake.

Kwa hiyo leo naandika mwenyewe. Stori ya Swahiba mnayotumiana ina uongo mara tatu, na ukweli wenyewe unatosha kunidhalilisha bila kutiwa chumvi. Kwanza, sikupandwa na jini. Pili, sikumwita mama. Nilimwita Mungu, ila sauti ndiyo ilitoka kama ya mtu anayemwita mama. Uongo wa tatu tutaufikia, tulieni.

Mnaonifuata siku nyingi mnazijua semina zetu wahasibu: ukumbi hauna dirisha, viti vya plastiki, soda moja na sambusa mbili. Safari hii masika yamewafukuza watalii, hoteli za Mji Mkongwe zikashusha bei, na Mama Mkurugenzi, ambaye kwa punguzo hajambo, akatupatia siku mbili kwenye hoteli ya kifahari kwelikweli. Jina silitaji, nadaiwa pale. Ni jumba la zamani la tajiri, limekarabatiwa likawa zuri hadi unaogopa kukohoa. Mlango wa mbele umechongwa maua, umejaa misumari ya shaba iliyochongoka. Kijana wa mapokezi akatueleza kwamba mtindo wa misumari ile asili yake India, kuzuia tembo wasivunje milango. Swahiba akauliza Unguja tembo walitokea wapi. Kijana akatabasamu tabasamu la mtu aliyeulizwa hivyo kila siku tangu aajiriwe.

Chumba changu kilikuwa ghorofa ya tatu. Nikauliza lifti iko wapi. "Lifti, kaka yangu? Lifti ya mwanzo hapa ilitiwa Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883. Na Beit al-Ajaib lenyewe upande mmoja umeporomoka Desemba 2020." Nikaelewa kwamba jibu ni ngazi. Ngazi zenyewe zimesimama wima kama za kupandia mnazi. Katikati nikaegemea ukuta nivute pumzi, na nilipofika juu suti yangu nyeusi ilikuwa nyeupe mgongo mzima.

Chokaa. Kumbe nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mafundi wanaojua kazi hawazipigi saruji, maana saruji inaziba unyevu na chumvi ndani ya jiwe mpaka ukuta unaanza kujimumunya. Lazima upake chokaa ili ukuta upumue. Nimefurahi kwa niaba ya ukuta. Ila shikeni hilo la chokaa, linarudi.

Sasa chumba. Kirefu kama behewa la treni, upana wake ni hatua chache. Kijana akanionesha dari: boriti za mikoko zimepangwa moja moja. Zamani urefu wa boriti ndio ulikuwa unaamua upana wa chumba, huwezi kujenga kipana kuliko mti wenyewe. Kwa ufinyu ule, kitanda kilikuwa kimesukumwa ukutani upande wa kushoto. Shikeni na hilo.

Kitanda chenyewe ni samadari. Wa pwani mnakijua, wa bara niwaeleze: kitanda cha mbao nyeusi, nguzo nne, kimechongwa kila mahali, na kirefu kwenda juu. Godoro lilinifika kiunoni. Pembeni wameweka kigoda cha kupandia. Mimi mtoto wa Mbagala, nimelala maisha yangu yote kwenye futi nne kwa sita ambayo ukidondoka unaendelea na usingizi. Juu ya nguzo kuna fremu, na kwenye fremu limetundikwa chandarua jeupe, pana, jepesi, linalomwagika hadi sakafuni kama shela la bibi harusi. Nikapiga picha, nikamtumia mke wangu. Akajibu: "Usije ukadondoka." Huyu mwanamke mdomo wake nitaufanyia uchunguzi.

Usiku nikala pweza kuliko ilivyo busara, nikapanda kigodani, nikalala kama sultani.

Nikaamshwa na adhana ya alfajiri. Msikiti uko nyuma ya ukuta, spika kama imewekwa ndani ya mto wangu. Giza totoro. Nikataka kuamka kuswali. (Swahiba anasema nilikuwa naenda chooni. Haya, chooni, halafu kuswali.) Nyumbani mimi hutokea upande wa kushoto. Nikageuka kushoto kwa nguvu zote za mtu mwenye haraka zake, nikaubusu ukuta kwa pua. Machozi yakanitoka. Nikasema aa, kumbe niko hotelini. Basi nikageukia kulia.

Hapa naomba mnisome polepole, kwa sababu na mimi mambo yalikwenda polepole.

Nikatoa mguu wa kulia. Nikaushusha kwa imani, kama mtu anayekutana na sakafu mahali pake pa kila siku. Sakafu haipo. Nikaushusha zaidi. Haipo. Mwili mzima ulikuwa umeshausindikiza mguu, na nakumbuka nilipata nafasi ya kuwaza kabisa, kwa utulivu: mke wangu alisema. Kisha goti likatua kwenye kona ya kigoda, kigoda kikapaa, nikadaka kitu cha kwanza mkono ulichokipata, nacho kilikuwa chandarua. Chandarua likakataa. Tukavutana. Juu kukalia *krraak*, vitanzi vikaachia kimoja baada ya kingine, tak, tak, tak, na shela lote likanishukia kichwani pamoja na kipande cha fremu.

Nikasimama. Swichi siioni. Nikapapasa ukuta kwa viganja, kwa mashavu, kwa paji la uso, chumba kizima urefu wake wa behewa. (Swichi niliiona asubuhi: kile kidude cha shaba nilichodhani ni pambo.) Mnakumbuka chokaa? Chandarua lilikuwa limenikaa juu ya kichwa kama ukaya, uso uko nje. Uso wote sasa mweupe, mikono hadi kwenye viwiko. Goti linauma hadi siwezi kusema neno, natoa mngurumo tu, "mmmmh, mmmmh." Nikaupata mlango, nikavuta komeo, nikatoka nitafute mwanga. Nikasahau kizingiti. Milango ile ina vizingiti virefu, unatakiwa kunyanyua mguu kama unavuka mtaro. Sikunyanyua. Nikatokea ushorobani kwa mikono mbele, chandarua linaburura nyuma, kipande cha fremu kinagonga vigae ko, ko, ko, nikakamata ukingo wa mbao, nikasimama pale ghorofa ya tatu juu ya ua wa ndani, nanguruma.

Upande wa pili wa ushoroba alikuwa mlinzi. Mzee wa makamo ya babu yangu, ndiyo kwanza anatoka kutawadha, ndevu zinadondosha maji, tochi mkononi. Akanimulika. Tukatazamana.

Hakukimbia, nampa heshima yake. Alishusha tochi taratibu, akairudisha juu kuhakikisha, kisha akaanza kunisomea Ayatul Kursiy, ile aya ya kufukuzia majini. Kwa sauti. Kwa tajwidi. Lile jumba lina mwangwi, jamani.

Nikajaribu kusema "Babu, ni mimi, mgeni wa chumba cha..." ikatoka "mmmmh." Akapandisha sauti. Ndipo nikapata wazo ambalo wakati ule niliona ni la akili sana: jini haliwezi kusoma aya hiyo. Nikiisoma pamoja naye, ataelewa kwamba mimi ni mtu. Basi nikajiunga. Sauti mbili, alfajiri, mvua inadondoka uani. Nikaenda vizuri maneno ya mwanzo, na pale panapotajwa usingizi, palepale, nikakwama. Kichwa cheupe. Miaka sita ya madrasa, fimbo za maalim, vyote vimeyeyuka. Nikaruka, nikashika maneno ya mbele zaidi.

Mzee akanyamaza. Akanitazama kwa mara ya kwanza bila woga, sasa kwa ghadhabu.

"Sivyo! Umeruka. Rejea!"

Na mimi, wallahi, nikarejea. Nimesimama nimejifunika chandarua, nimepakaa chokaa, narekebishwa kisomo na mlinzi, tena mara mbili, maana na ya pili nilikosea. Milango ikaanza kufunguka. Wazungu wawili wazee wa chumba cha jirani wakatoka na kusimama kwa adabu, mikono kifuani. Baadaye tuliambiwa yule mama aliuliza mapokezi kama kesho onyesho litakuwa saa ileile. Swahiba akatoka, akaona, akakaa chini. Hakuanguka, alikaa, ili acheke vizuri.

Halafu Mama Mkurugenzi akawasha taa.

Sasa ule uongo wa tatu. Swahiba amewaambia watu kwamba ndani ya chandarua nilikuwa mtupu. Laiti ningekuwa mtupu! Mtu mtupu anapewa kanga, anasitiriwa, watu wanageuza nyuso. Chandarua lile linaonesha kama maji. Na mimi ndani yake nilikuwa nimevaa bukta ya Yanga.

Mnaofanya kazi na mimi mnaelewa. Wengine niwaambie: Mama Mkurugenzi ni Simba wa damu. Siku ya usaili wangu, miaka minne iliyopita, niliona skafu nyekundu ukutani mwake na mdomo wangu ukajisemea wenyewe, "Sisi Simba, mama." Tangu siku ile mimi Simba. Nimechangia keki nyekundu. Nimenuniana na watu wa ugavi kwa mabao ambayo moyoni nilikuwa nayashangilia. Miaka minne! Na sasa taa imewaka, rangi za Wananchi, kijani na njano, zinang'aa kupitia neti nyeupe, na Mama, ndani ya dera lake, ameegemea ukingo upande wa pili wa ua. Hakutazama chokaa. Hakutazama goti. Akaitazama bukta. Akaitazama tena. Kisha akasema kwa upole, kama anayefunga faili, "Aaah." Akarudi ndani, akafunga komeo.

Yaliyobaki hayana urefu. Mzee alinifungua kutoka kwenye chandarua, akanisindikiza hadi mlango wa chumba na kuniomba niwe nasoma kila siku kabla ya kulala. Goti likafungwa. Chandarua na fremu vimewekwa kwenye bili yangu, posho imeondoka yote na nimeongeza yangu. Usiku wa pili nililala sakafuni. Kwenye chai ya asubuhi, mezani, wasimamizi wote wapo, Mama hakuinua hata macho: "Mwananchi, nisogezee sukari."

Sasa jambo moja limekuwa linanisumbua tangu kwenye boti. Swahiba amesimulia jini, amesimulia chokaa, ameongeza na utupu ambao haukuwapo. Lakini bukta hajaitaja popote. Mtu anayependa kunichafua kiasi kile, aache bukta? Mpaka nikakumbuka Swahiba naye ofisini ni Simba. Ndiye mwenyekiti wa keki.

Mama Mkurugenzi, najua huwa unapita hapa kimyakimya. Zile bukta tulinunua siku moja, Kariakoo, mimi na yeye. Zilikuwa zinauzwa mbili mbili.