Kabla ya Kusifu Asilimia 21 ya Marekani, Uliza Kampuni Ni ya Nani

Kila mwezi wa sita, bajeti ya Serikali inaposomwa Dodoma, napokea ujumbe ule ule kutoka kwa ndugu na marafiki walioko Tanga na Dar es Salaam: "Ninyi huko kampuni inalipa asilimia 21, sisi huku tunakamuliwa 30." Nimeishi Columbus, katika jimbo la Ohio, kwa miaka 14, na kwa miaka sita ya mwisho nimekuwa na kampuni ndogo ya kusafisha ofisi nyakati za usiku. Viwango vyote viwili wanavyovitaja ni sahihi. Kasoro iko katika kuviweka viwili hivyo kwenye mizani moja kana kwamba kodi ya kampuni ni kiwango tu, wakati sheria ya shirikisho ya Marekani, kabla ya kuiuliza kampuni imepata faida kiasi gani, huiuliza kwanza imechagua kuwa kampuni ya namna gani na wenye hisa wake ni akina nani.

Nianze na hesabu, maana ndiyo inayozua ubishi. Tangu mwaka 2018 kampuni ya kawaida ya Marekani, ile inayoitwa ya kundi C, hulipa serikali ya shirikisho asilimia 21 ya faida yake, iwe ni kampuni ya watu wawili au ya watu laki moja. Kabla ya hapo viwango vilipanda kwa ngazi hadi 35. Chukua faida ya dola 100,000. Kampuni inatoa 21,000, zinabaki 79,000. Wenye hisa wakizigawana zote, kila mmoja hulipa tena kodi ya gawio, yaani fungu la faida alilopewa, kwenye ritani (taarifa ya kodi ya mwaka) yake binafsi, na kwa mtu wa kipato cha kati kiwango hicho huwa asilimia 15, yaani 11,850 nyingine. Jumla ni dola 32,850. Tajiri wa juu kabisa hulipa kwenye gawio asilimia 20, pamoja na nyongeza ya 3.8 inayotozwa mapato ya uwekezaji, na jumla yake hufika karibu 39,800. Sasa rudi nyumbani na faida ya shilingi milioni 100: kampuni inalipa milioni 30, zinabaki 70, gawio linakatwa kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla fedha haijamfikia mwenye hisa, ya asilimia 10, yaani milioni saba, na hapo ndipo safari inapoishia. Jumla ni milioni 37. Kwa hiyo faida ikishafika mfukoni mwa mwenye hisa, pengo la 21 na 30 tunalolipigia kelele huwa limepungua mno, na kwa tajiri wa Marekani limegeuka upande wa pili. Hapo sijagusa kodi za majimbo, ambazo ni somo jingine kabisa.

Kilichonisaidia mimi si ile 21. Ni kwamba tangu mwaka 1958 sheria ya huku inairuhusu kampuni ndogo kuomba isitozwe kodi ya mapato kama kampuni. Ukikubaliwa unakuwa kampuni ya kundi S: unaendelea kuwa na ukuta unaotenganisha mali ya kampuni na nyumba yako, lakini faida hupita moja kwa moja hadi kwa wenye hisa, kila mtu kwa fungu lake, na hutozwa mara moja tu kwa viwango vya kodi ya mtu binafsi. Kampuni bado hupeleka ritani yake, Fomu 1120-S, kufikia tarehe 15 Machi, mwezi mmoja kabla ya kampuni za kundi C. Ikichelewa hutozwa faini inayozidi dola 200 kwa kila mwenye hisa kwa kila mwezi, hata kama haidaiwi senti ya kodi, na hilo limewaumiza wageni wengi wanaodhani kwamba asiyepata faida hana cha kupeleka.

Masharti ya kuingia katika kundi hilo ni machache lakini hayana mjadala. Wenye hisa wasizidi 100. Hisa ziwe za aina moja. Ombi, yaani Fomu 2553, lipelekwe ndani ya miezi miwili na siku 15 tangu mwaka wa kodi wa kampuni unapoanza. Na wenye hisa wote wawe raia wa Marekani au wakaazi wake kwa mujibu wa sheria ya kodi. Sharti hilo la mwisho ndilo lililotuangusha.

Tulipoanza, dada yangu aliyeko Tanga alitoa shilingi milioni tisa kutoka katika duka lake la vifaa vya ujenzi ili tununue mashine mbili za kupiga msasa sakafu. Kwa malezi tuliyolelewa, mtu akitia mtaji anaandikwa, kwa hiyo niliandika hisa zake asilimia 20, nikamtumia nakala ya cheti, naye akaihifadhi kwenye bahasha moja na hati ya kiwanja chake. Mtu niliyemlipa kutuandalia fomu aliniuliza majina ya wenye hisa, nikamtajia wawili. Fomu ilikwenda, jibu la kukubaliwa likaja, na mwaka ule tukapata faida ya dola 60,000. Tulimtumia dada dola 6,000 katika fungu lake, mimi nikachukua 24,000, nyingine tukaziacha kwa ajili ya kununua gari.

Mwaka wa pili nilikwenda kwa mhasibu mwingine, mama wa makamo mwenye ofisi ya chumba kimoja. Aliweka Fomu 2553 upande wa kushoto wa meza na cheti cha hisa cha dada upande wa kulia, akapeleka kalamu yake kutoka karatasi moja hadi nyingine pasipo kusema neno. Kwenye fomu palikuwa na jina moja tu, langu, na mbele yake pameandikwa asilimia 100. Yule aliyetuandalia alipoona kwamba dada hana namba ya mlipakodi ya Marekani, alimwacha nje, wala hakuniambia. Mhasibu akaniuliza dada anaishi wapi. Nilipomjibu Tanga, akafunga faili, akasema kampuni yangu haijawahi kuwa ya kundi S hata siku moja.

Maana yake ilikuwa hii. Kampuni ilidaiwa asilimia 21 ya dola 60,000, yaani 12,600, pamoja na riba na faini za kuchelewa. Zile dola 6,000 za dada zikageuka kuwa gawio lililolipwa kwa mgeni asiyekaa Marekani, na gawio la namna hiyo hukatwa asilimia 30 mlangoni isipokuwa nchi yake iwe na mkataba wa kodi na Marekani. Tanzania haina mkataba huo. Kenya nayo haina. Kampuni ilipaswa kuzuia dola 1,800, haikuzuia, kwa hiyo deni likawa la kampuni. Mimi nilirekebisha ritani yangu binafsi nikarudishiwa sehemu ya nilicholipa kimakosa, lakini haikutosha kuziba pengo, na lile gari hatukulinunua. Ipo njia ya kuiandikia IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kuomba kosa la namna hiyo lisamehewe. Ada yake pamoja na ujira wa mwanasheria vilikaribia deni lenyewe, tukaamua kulipa.

Nilipompigia dada simu kumweleza kwamba lazima ninunue hisa zake ili kampuni iweze kuomba upya, alinyamaza kidogo kisha akasema: "Mdogo wangu, mimi nimetoa pesa yangu halali, nimeandikwa, nimetulia kimya. Hao wananiita mgeni katika kampuni ya ndugu yangu wa tumbo moja?" Nilimweleza sababu kama ninavyoielewa: kodi ya kundi S hulipwa kwenye ritani ya mwenye hisa, na serikali yao haina namna nyepesi ya kumfuata mtu Ngamiani, huko Tanga, kumdai kodi ya faida iliyopatikana Columbus. Alielewa. Hakufurahi, wala mimi sikufurahi.

Ndiyo maana nasema kwa uzito kabisa kwamba katika hili nyumbani kuna uungwana ambao hatuuoni. Kampuni ya Tanzania haiulizwi mwenye hisa wake analala wapi ndipo ijulikane itatozwa kodi kwa utaratibu gani. Ndugu aliyeko Muscat, aliyeko Toronto na aliyeko Korogwe wanaweza kuandikwa kwenye kampuni moja, na gawio la kila mmoja likakatwa zuio la asilimia 10. Kwa familia zetu zilizotawanyika, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, uungwana huo haumfikii dada katika duka lake. Ameandikishwa kama mfanyabiashara binafsi, na maadamu mauzo yake ya mwaka hayajavuka kikomo kilichowekwa, anatozwa kwa jedwali la mauzo, yaani kodi hupangwa kwa ukubwa wa mauzo, analipa kwa awamu, anatoa risiti za mashine ya EFD na maisha yanaendelea. Mwaka jana alitaka kuandikisha kampuni pamoja na wanawe wawili ili deni la dukani lisije likala nyumba, maana mwenye duka jirani lilimkuta hilo. Tuliketi kwenye simu usiku mmoja tukapiga hesabu. Siku anapopata cheti cha usajili wa kampuni, jedwali lile linamwacha. Anahitaji hesabu zilizothibitishwa na mhasibu aliyesajiliwa, makadirio ya kodi anayalipa katika awamu nne, ritani anaipeleka ndani ya miezi sita baada ya mwaka kwisha, na kiwango ni kile kile 30 cha benki na cha mgodi. Akipata hasara miaka mitatu mfululizo, sheria inamtoza asilimia ndogo ya mauzo yake hata kama faida haipo. Marekani nayo ina kodi ya kima cha chini, ya asilimia 15, iliyoletwa na sheria ya mwaka 2022, lakini inazihusu kampuni ambazo wastani wa faida yake kwa mwaka unazidi dola bilioni moja. Wenzetu wanaitumia kuwabana wakubwa wanaojificha nyuma ya misamaha, nasi ya kwetu inamfika hadi mwenye duka aliyekwisha kuelemewa.

Mtu ataniambia wapo washirika wa ubia, ambao kwa sheria yetu hawatozwi kama kampuni bali kila mshirika hulipa kwa fungu lake. Ni kweli, lakini ubia wa kawaida hauilindi nyumba ya mshirika deni linapobisha hodi, na nyumba ndiyo iliyomnyima dada usingizi. Kwa sasa sheria inamtaka achague kati ya kodi anayoiweza na ukuta wa kumlinda. Amechagua kodi, na nyumba bado iko hatarini.

Ninachoomba wanaoandaa mapendekezo ya bajeti wakifikirie si kushusha 30 kuwa 25 kwa wote, kwa sababu punguzo hilo litawanufaisha zaidi walio na faida kubwa, na hospitali zetu zinahitaji fedha hiyo. Naomba kampuni ndogo, ya wenye hisa wachache ambao wote ni watu binafsi, iruhusiwe kuchagua faida yake itozwe mikononi mwa wenyewe kama inavyofanyika kwa ubia, huku ukuta wa dhima ukibaki. Kwa mwenye hisa aliye nje ya nchi, kampuni imlipie kodi ya fungu lake kwa njia ya zuio, na hapo sharti la ukaazi lililotutoa sisi kwenye mstari halitahitajika.

Dada ameniahidi kwamba siku atakapoandikisha kampuni, nami nitapata fungu kama alilokuwa nalo kwangu. Nimemshukuru na nimemwomba liwe chini ya asilimia 10. Mkaazi wa Marekani anayefikisha asilimia 10 katika kampuni ya nje huangukia Fomu 5471, ya kuieleza serikali ya Marekani habari za kampuni hiyo, ambayo usipoipeleka faini yake huanzia dola 10,000, na duka la Ngamiani haliwezi kubeba faini hiyo kwa sababu ya jina langu.